Mvua ya Mawe Katika Nchi ya Chai

Mkulima mdogo wa chai katika Kericho au Bomet aweza kulitazama shamba lake asubuhi akaliona limependeza sana: machipukizi yamesimama sawasawa, na vikapu vimekwisha tayarishwa kwa uchumaji wa kesho yake. Alasiri wingu jeusi huinuka, upepo wa baridi huvuma ghafula, na sauti kama ya kokoto zimwagwazo juu ya mabati husikika ikija kwa mbio. Baada ya dakika chache jua hutoka tena. Lakini mavuno yaliyokuwa yakingojewa yamelala chini, yamechanganyika na barafu, na matawi yamebaki na majani yaliyochanika. Tena ajabu ni kwamba ng'ambo ya kijito, kwa jirani, pengine halikuanguka hata jiwe moja.

Mambo hayo si ya mara moja katika miaka mingi. Milima ya Kericho ni miongoni mwa mahali pachache sana duniani panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi. Katika mwaka wa 1965 ziliandikwa siku 113 zenye mvua ya namna hiyo katika nchi hiyo ya chai. Maana yake ni karibu siku moja katika kila siku tatu.

Hatari za hewa na maji ni nyingi, na kila nchi ina zake. Watu wa pwani huogopa bahari inayopanda na kuila fukwe yao. Watu wa kando ya Ziwa Victoria waliyaona maji yakipanda mwezi kwa mwezi, hata katika Mei 2020 yakapita kimo kikubwa kilichoandikwa mwaka wa 1964, na wengi wakahama nyumba zao. Katika nchi ya chai yenyewe huja jalidi, yaani umande ugandao usiku wa kiangazi na kuyaunguza majani, kama ilivyotokea Januari 2012. Lakini ziwa hupanda polepole, na mwenye macho aweza kuhamisha vyombo vyake. Jalidi nayo hupenda mabonde ambamo hewa ya baridi hutuama, na mkulima mwenye busara huliacha bonde liwe malisho akapanda chai yake juu zaidi. Mvua ya mawe haitoi nafasi ya namna hiyo. Huja kwa ghafula, wala hakuna ajuaye leo itapita juu ya shamba la nani.

Basi mbele ya hatari hiyo njia ni mbili: ama kuizuia isianguke, ama kuigawanya hasara yake ikisha anguka. Njia ya kwanza imejaribiwa kwa gharama kubwa katika Kericho na katika nchi nyingine. Njia ya pili ni ya zamani zaidi, nayo iko karibu zaidi na mkono wa mkulima.

Wenye mashamba makubwa na wenye mashamba madogo

Chai ilipandwa kwanza katika Kenya mwaka wa 1903, huko Limuru. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalianza kupanda chai katika milima ya Kericho, katika ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa wenyeji. Kwa miaka mingi Mwafrika alikuwa mchumaji tu, wala hakupewa ruhusa ya kuwa na chai yake mwenyewe. Katika miaka ya 1950 wakulima wadogo walianza kuruhusiwa. Mwaka wa 1960 likaundwa shirika la kuwasaidia, na mwaka wa 1964 likafuata shirika lijulikanalo hata leo kwa herufi KTDA. Sasa wakulima wadogo wanaouza majani yao kwa viwanda vilivyo chini ya shirika hilo wapita 600,000 katika Kenya nzima. Katika Kericho viko viwanda vya Litein, Kapkatet, Momul, Tegat na Toror. Katika Bomet viko vya Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek na Kapset, pamoja na vingine.

Wengi wa wakulima hao wana ekari moja ya chai au pungufu. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati yao na makampuni. Kampuni yenye maelfu ya ekari yaweza kupigwa na mawe katika sehemu moja huku sehemu nyingine zote zikiendelea kuchumwa, na kiwanda chake hakisimami. Lakini mwenye nusu ekari amekaa na mali yake yote chini ya wingu moja. Likimwaga mawe, hana sehemu nyingine ya kuchuma. Yeye hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, na malipo ya mwisho wa mwaka nayo huhesabiwa kwa kilo hizo hizo. Kilo zikipungua, hupungukiwa mara mbili, na karo ya mtoto na deni la dukani havingojei majani yachipue.

Chanzo chake

Watu huuliza kwa nini mawe yaipende nchi hiyo kuliko nyingine. Jibu limo katika ziwa, mlima na upepo. Ziwa Victoria ni pana mno, maili za mraba zaidi ya 26,000, nalo liko kiasi cha maili 50 upande wa magharibi wa Kericho. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na kwa hiyo upepo wenye unyevu hutoka ziwani ukapanda kuelekea milimani. Huko hukutana na pepo zitokazo mashariki. Pepo mbili zikikutana hazina pa kwenda ila juu, na mteremko wa milima huzisukuma zaidi. Ndiyo sababu ya mawingu makubwa ya alasiri, na ndiyo sababu pia ya mvua inayokaribia inchi 80 kwa mwaka, ambayo bila hiyo chai isingestawi hivyo. Mkulima wa Kericho hupokea neema na hasara kutoka mkono mmoja.

Ndani ya wingu hilo matone hupandishwa mpaka penye baridi kali. Tone dogo la maji safi laweza kukaa bila kuganda hata katika baridi iliyopita kiasi cha kuganda, mpaka lipate kitu kidogo cha kuanzia, kama chembe ya vumbi. Wataalamu huita chembe hizo mbegu za barafu. Chembe ikisha ganda, matone mengine huigusa na kugandamana nayo, nayo huzidi kukua mpaka upepo ushindwe kuibeba, ndipo huanguka. Katika nchi za tambarare zenye joto jiwe dogo huyeyuka njiani likafika chini likiwa tone la mvua. Lakini Kericho iko karibu futi 7,000 juu ya bahari, na hewa igandishayo huanza katika futi 15,000 au 16,000. Safari ya jiwe ni fupi, na kwa hiyo hata mawe yasiyozidi punje ya njegere hufika ardhini yakiwa bado magumu.

Mtaalamu mmoja, Russell Schnell, aliyachunguza majani makavu yaliyooza chini ya miti ya chai ya Kenya. Mwaka wa 1982 yeye na mwenzake walichapisha habari kwamba takataka hizo zina mbegu za barafu zenye nguvu, na tangu zamani hizo imejulikana kwamba bakteria fulani wakaao juu ya mimea waweza kuyafanya maji yagande mapema. Akatoa wazo kwamba miguu ya wachumaji wapitao kati ya miti huinua vumbi hilo, na upepo upandao hulichukua mpaka mawinguni. Hilo lilikuwa wazo la kuchunguzwa, wala si hukumu juu ya wachumaji. Maana hata pasipo chai, ziwa na milima vingekuwapo vile vile.

Roketi na eropleni

Kutaka kulipiga vita wingu ni jambo la zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 wakulima wa mizabibu katika Austria na Italia walisimamisha maelfu ya mizinga iliyoelekezwa juu, wakipiga baruti kila wingu lilipotokea. Serikali zao zilifanya majaribio mwanzoni mwa karne ya 20, zikaona mawe yanaanguka hata palipo na mizinga, na mizinga hiyo ikaachwa.

Katika miaka ya 1960 zamu ya Kericho ilifika. Wataalamu wa Idara ya Hewa ya Afrika ya Mashariki walijaribu roketi zilizorushwa kutoka mashambani na kulipuka ndani ya mawingu. Iliaminiwa kwamba mshindo wa mlipuko ungeyapasua mawe au kuyalainisha kabla hayajafika chini. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo, kampuni moja ya Marekani iliajiriwa kutumia eropleni. Marubani waliruka karibu na mawingu yenye hatari wakichoma dawa iitwayo ayodidi ya fedha, ambayo moshi wake ni mbegu za barafu. Hesabu ilikuwa hivi: maji ya wingu moja yakigawanywa kwa mbegu nyingi mno, kila jiwe litapata maji kidogo, litakuwa dogo, na pengine litayeyuka njiani.

Hesabu hiyo yapendeza kuisikia. Taabu yake ni kuithibitisha. Wingu likisha tiwa dawa, hakuna awezaye kuona lingalifanya nini lisingalitiwa. Waliofanya kazi hiyo walitoa taarifa za mafanikio. Lakini Wamarekani walipofanya jaribio kubwa katika jimbo la Colorado kati ya mwaka wa 1972 na 1974, wakichagua kwa kura siku za kutia dawa na siku za kuacha, hawakuona upungufu wa mawe wa kuaminika. Waswisi, Wafaransa na Waitalia walishirikiana katika jaribio jingine nchini Uswisi, kuanzia 1977 mpaka 1981, wakitumia roketi za Kirusi, nao hawakuona. Katika Kericho eropleni zile ziliacha kuruka, na mawe yanaendelea kuanguka.

Fundisho lake kwa mkulima ni wazi. Akitokea mtu anayeuza mtambo au dawa ya kuzuia mvua ya mawe, haifai kumpa fedha kwa sababu ya maneno matamu. Yafaa aulizwe kwanza: shamba gani lilipimwa, lililinganishwa na shamba lipi lisilotiwa dawa, na kwa miaka mingapi?

Yafaayo kufanywa shambani

Mti wa chai ni mvumilivu. Mawe ya kawaida huuondolea majani mawili na chipukizi, yaani mavuno yenyewe, lakini mara chache huuua. Mizizi ikiwa mizima na matawi yakiwa na majani ya kutosha, mti huchipua tena baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutofanya haraka na panga. Majani ya chini yaliyosalia, hata yakiwa yametobolewa, ndiyo jiko la mti. Akiyaondoa mkulima kwa hasira, aongeza hasara yake mwenyewe.

Jambo la pili ni kutochanganya majani yaliyopondwa na mawe na majani mazima. Jani likisha pondwa, utomvu wake hukutana na hewa, nalo huanza kugeuka rangi papo hapo. Mabadiliko hayo hutakiwa yatokee kiwandani kwa kipimo, si shambani wala ndani ya kikapu. Kikapu kimoja cha majani hayo chaweza kuharibu chai ya majirani waliochuma vizuri.

Tatu, matawi yaliyovunjika au kuchubuliwa yakatwe vizuri chini ya kidonda, kwa kisu kikali. Vidonda vilivyoachwa wazi ni mlango wa kuvu uozeshao miti ya chai, na ugonjwa huo huonekana muda mrefu baada ya mawe kusahauliwa. Nne, mapengo ya shamba yajazwe miti, na matawi yaliyopogolewa yaachwe chini yafunike udongo, maana mvua iletayo mawe huleta pia maji mengi kwa muda mfupi, na udongo mtupu wa mteremkoni huenda nayo mpaka mtoni. Mkulima mwenye shaka aweza kumwuliza bwana shamba wa kiwanda chake. Na pale Timbilil, karibu na mji wa Kericho, chai imechunguzwa na wataalamu tangu mwaka wa 1951.

Tena haifai kutia mali yote katika chai. Viazi vitamu vilivyo chini ya udongo na ng'ombe wa maziwa aliye zizini haviogopi mawe kama machipukizi. Nyumba yenye maziwa ya kuuza hupita mwezi wa hasara bila kukopa kwa riba.

Mzigo uliogawanywa

Lakini hayo yote humsaidia mti na nyumba. Hayamrudishii mkulima fedha alizopoteza. Hapo ndipo lifaapo kukumbukwa jambo lile lililotajwa mwanzo, kwamba jirani wa ng'ambo ya kijito hakupigwa. Mvua ya mawe hupita kwa njia nyembamba. Siku moja huwapiga wachache na kuwaacha wengi. Kwa sababu hiyo hasara yake, iliyo kubwa mno kwa mmoja, ni ndogo kwa wengi.

Wakulima wa Mecklenburg, katika Ujerumani, waliliona jambo hilo mwaka wa 1797. Katika mji wa Neubrandenburg waliunda chama cha kulipana hasara ya mvua ya mawe: kila mmoja alitoa fungu lake, na aliyepigwa alilipwa katika fungu la wote. Chama hicho kiliendelea kukua hata kikawa kampuni ya bima iliyopo mpaka leo.

Wala Wakipsigis hawahitaji kwenda Ujerumani kujifunza jambo hilo. Zamani mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja. Aliwapeleka baadhi yao kwa marafiki waliokaa mbali. Rafiki akanywa maziwa, na mwenyewe akabaki na haki ya ng'ombe na ndama wake. Ugonjwa ukiingia bomani kwake, au wezi wakija usiku, walisalia wale wa mbali. Ng'ombe walihamishika. Miti ya chai haihamishiki, lakini fedha za chai zaweza kufanywa vile vile.

Na ufanywe mfano wa hesabu. Wakulima 1,000 wakitoa shilingi 300 kila mmoja kwa mwaka, watapata shilingi 300,000. Ikiwa katika mwaka huo wakulima 60 wamepigwa vibaya, kila mmoja aweza kupewa shilingi 5,000. Aliyetoa 300 bila kupigwa hakufa njaa. Aliyepewa 5,000 amepata karo.

Desturi ile ya ng'ombe yafundisha tena jambo ambalo vyama vidogo husahau. Rafiki wa kumtunzia mtu ng'ombe alikuwa rafiki wa mbali. Chama cha watu wa kokwet moja peke yake hakifai kwa kazi hii, kwa sababu wingu moja laweza kuwapiga wote siku moja, na sanduku lisiwe na wa kulijaza. Yafaa watu wa Litein wawe pamoja na watu wa Kapkoros, na watu wa Momul pamoja na watu wa Mogogosiek. Makampuni ya bima hufanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo, na wakulima wakienda kwao wakiwa wengi na pamoja, watasikilizwa bei kuliko mmoja mmoja.

Wako watakaosema kwamba watu watadanganya, kila mtu akidai amepigwa. Dawa ya hilo ni mizani. Majani ya kila mkulima hupimwa na kuandikwa katika kituo cha kupokelea majani. Mtu aliyekuwa akipeleka kilo 100 kwa mzunguko, na ambaye baada ya siku ya mawe amepeleka kilo 20, hasara yake inasomwa katika karatasi, wala haihitaji ushahidi wa maneno. Kwa hiyo kila mkulima atunze risiti zake. Kukusanya fungu nako si kazi mpya: wakulima wamezoea gharama ya mbolea kukatwa katika malipo yao, na fungu la mawe laweza kukatwa hivyo hivyo, mradi wenyewe wamekubali na hesabu zisomwe mbele ya wote.

Wengine watasema kwamba wametoa miaka mitano bila kupata kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo uonekanavyo mpaka utue begani pako. Aliyekaa miaka mitano bila kupigwa katika nchi ya Kericho ana sababu ya kushukuru, wala hana sababu ya kuamini kwamba wingu limemsahau.

Hewa yenyewe inabadilika. Vipimo vya kituo cha Kericho vya miaka 1979 mpaka 2009 vyaonyesha joto likipanda kiasi cha sehemu mbili za kumi za digrii Selsiasi katika kila miaka kumi. Hewa yenye joto zaidi hubeba unyevu mwingi zaidi, na mawingu yake yaweza kuwa makali; lakini mahali pa kugandia nako hupanda juu, na mawe madogo zaidi huyeyuka njiani. Nguvu hizo mbili zinavutana, na mkulima hawezi kungoja kuona ipi itashinda.

Kila mwaka wenye viwanda, ambao ni wakulima wenyewe, hukutana kuchagua wakurugenzi na kusikiliza hesabu. Katika mikutano hiyo watu huuliza sana juu ya bei ya mnada wa Mombasa, ambayo hakuna mkulima awezaye kuiamuru. Lifaa liulizwe pia swali ambalo jibu lake liko mikononi mwao: mawe yakianguka mwezi ujao juu ya wachache katika wao, wengine wote watatoa nini?